Siafu, Sungusungu, Majimoto na Mchwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa bwana shamba upande wa Muheza kwa miaka mingi. Watu hunifuata kwa habari za minazi na michungwa, lakini haipiti wiki bila mtu kuniuliza habari za chungu: ni wa aina gani, wanataka nini, na dawa yake ni ipi. Swali la dawa huulizwa la kwanza. Mimi hulijibu la mwisho, kwa sababu wengi waliokuja kutafuta dawa waliondoka wakiwa hawaihitaji tena. Maswali yanayojirudia nimeyaweka hapa na kuyapa namba, ili palipokwisha elezwa nisieleze tena.

## Kuwajua kwanza

1. Siafu, sungusungu, majimoto, sisimizi: tofauti yao ni nini?

Wote ni chungu. Sisimizi ni jina la jumla la wale wadogo wanaoingia kwenye kopo la sukari. Siafu wana rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi, hutembea kwa maelfu katika msafara mmoja, na ukiinama uwaangalie utaona hawalingani: wapo wadogo sana wanaopita katikati, na pembeni wapo askari wenye vichwa vikubwa na taya zilizopinda kama mundu. Sungusungu ni weusi kama mkaa, wananuka wakichokozwa, tena wanalia: mlio mwembamba, kama kitu kinachokaangwa chumba cha pili. Majimoto hukaa juu ya miti na kujenga kwa majani mabichi.

Majina hubadilika kwa mahali. Nimekutana na watu wa bara wanaomwita siafu kila chungu anayeuma. Hapa natumia majina kama tunavyoyatumia huku Tanga.

2. Mchwa naye ni chungu?

Hapana, ingawa wanafanana kwa kuishi pamoja. Ndugu wa karibu wa mchwa ni mende. Chungu ana kiuno chembamba, mchwa hana kiuno. Mtoto wa chungu ni buu asiye na miguu, lazima alishwe. Mtoto wa mchwa anatoka kwenye yai akiwa na miguu yake na umbo la mchwa. Na kwa chungu, vibarua wote ni majike, dume hutokea msimu wa kujamiiana tu kisha hufa. Kwa mchwa vibarua ni wa jinsia zote, na mfalme anaishi na malkia wake chumba kimoja maisha yao yote.

3. Na kumbikumbi?

Ni mchwa wenye mabawa, wale waliolelewa kwenda kuanzisha vichuguu vipya. Habari zao ziko swali la 16.

4. Nani anawaamrisha? Malkia?

Hakuna anayeamrisha. Malkia kazi yake ni kutaga. Kinachoonekana kama amri ni harufu. Sisimizi aliyepata chakula hurudi akiacha harufu njiani, anayefuata anaiongeza, na njia yenye harufu kali zaidi ndiyo inayopata watu wengi zaidi. Chakula kikiisha hakuna anayeiongeza, inafifia, njia inakufa.

Jaribu mwenyewe. Tafuta mstari wa sisimizi ukutani, upanguse kwa kidole upana wa inchi moja hivi. Watakaofika hapo watasimama, wazungushe vipapasio, warudi nyuma, wagongane kama watu waliofika mtoni wakakuta daraja limechukuliwa. Baada ya muda mmoja atavuka, na mstari utaungana. Taarifa za chumvi, mdalasini na chaki za kuzuia sisimizi nyingi zinatokana na hiyo pangusa tu.

## Siafu

5. Kwa nini siafu huingia ndani ya nyumba?

Wanawinda. Hawana nia na wewe. Siafu hawana macho, wanakwenda kwa harufu na kwa mtikisiko, na nyumba yako kwao ni sehemu ya msitu yenye mende, panya wachanga, nge na mijusi mingi kuliko kawaida. Mvua za masika ndizo hasa hutuletea misafara huku kwetu.

Usiku mmoja wa Aprili niliamshwa na kuku. Si kelele za kicheche, bali kuku mmoja anayegugumia na kupiga bawa, kisha kimya. Nilipotoka na tochi nikaona ukuta wa banda unatembea. Kuku wangu wawili walikuwa wakiatamia, na kuku anayeatamia hatoki. Wale wengine niliowafungulia mlango walikimbilia kwenye mchungwa wakapona. Wale wawili niliwakuta asubuhi, manyoya yako mahali pake, chini ya manyoya hakuna kitu. Kosa lilikuwa langu, banda nililifunga kwa komeo la nje na hapakuwa na tundu la kutokea.

Ndiyo hatari yenyewe. Mtu mzima anaondoka tu. Anayepata shida ni asiyeweza kuondoka: mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani, ndama aliyefungwa kamba, sungura kwenye kizimba, kuku wa mayai.

6. Wameshaingia. Nifanye nini?

Toa watoto na wagonjwa, fungulia mifugo, kisha ondoka na wewe. Baada ya saa kadhaa wanakuwa wamepita. Wazee huwa hawana haraka: wanakaa kwa jirani hadi alfajiri, wanarudi kwenye nyumba isiyo na mende hata mmoja. Nimeshawaambia watu hivyo wakadhani nawatania.

Kama huwezi kuondoka, majivu mengi yaliyomwagwa kwenye njia yao huwageuza, na mafuta ya taa pia, ila usithubutu kuyawasha ndani ya nyumba ya makuti. Usipige msafara kwa fagio. Ukiutibua, askari wanatawanyika, na sasa badala ya mstari una sakafu nzima.

7. Mbona kiota chao leo kipo, kesho hakipo?

Kwa sababu siafu hawajengi. Wanachimba chini ya shina la mti, wanakaa siku chache au wiki kadhaa, wanahama na mabuu na malkia wao. Koloni moja inaweza kuwa na mamilioni. Ardhi ya kuwalisha huisha upesi. Adui naye huwahamisha. Kakakuona anapenda sana kufukua viota vyao, na akishafukua, kundi hufunga mizigo.

Malkia wao ni wa ajabu, anakaribia sentimita 5 kwa urefu, hana bawa maishani mwake. Kwa hiyo hawezi kuruka kwenda kuanzisha mji mpya kama malkia wa chungu wengine. Koloni huzaliana kwa kugawanyika.

8. Usiku wa mvua linakuja dudu kubwa la kahawia kwenye taa, limenona kama soseji, linagongagonga ukuta. Ni nini?

Ni dume la siafu. Watu hawaamini, maana hafanani nao hata kidogo. Haumi, japo anatisha. Akikutana na msafara wa siafu, vibarua humng'oa mabawa wakamburuta kiotani, na huko ndiko anakotaka kwenda.

9. Ni kweli sokwe wanakula siafu?

Kweli, na wanatumia kifaa. Sokwe wa Gombe, Kigoma, wale ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960, huvunja fimbo ndefu, wakaisafisha majani, wakaiingiza kiotani. Siafu wanapanda fimbo kuja kumuuma. Kabla hawajafika mkononi, sokwe anaipitisha fimbo kwenye kiganja cha mkono wa pili, anakusanya rundo zima, analitupa kinywani na kutafuna haraka haraka. Mara nyingi anafanya hivyo akiwa ameng'ang'ania mche ulioinama, ili miguu isiguse chini.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni hii: kusini kidogo, Mahale, kwenye ziwa lilelile la Tanganyika, siafu wapo na sokwe wapo, lakini sokwe wa Mahale siafu hawawagusi. Wao wanavua chungu wa mitini kwa vijiti vyembamba. Chakula kipo, akili ipo, ila kwao hakiliwi. Kama sisi na kumbikumbi, maana wapo Waswahili wa pwani wanaoshangaa watu wa Kagera na Magharibi ya Kenya wanavyowala.

10. Vichwa vya siafu vinashona vidonda?

Taya za askari hazifunguki hata ukimkata kiwiliwili, na habari za kuzitumia kubana kidonda husimuliwa sana Afrika Mashariki. Zahanati ina uzi safi. Nenda zahanati.

## Sungusungu

11. Niliwaona wanakwenda kwa mstari, baada ya muda wanarudi kwa mstari, wengine wamebebwa. Walikuwa wapi?

Vitani. Sungusungu wanakula mchwa tu. Mmoja hutangulia peke yake kupeleleza, akikuta mchwa wanakula chini ya gogo anarudi kuita wenzake, mia mbili, tatu, hata zaidi. Wakubwa wanabomoa udongo uliofunika mchwa, wadogo wanaingia kuvuta. Kurudi kila mmoja ana mzigo mdomoni.

Wale waliobebwa wakiwa hai ni majeruhi. Mchwa askari wana taya kali, na sungusungu wengi hupoteza miguu. Watafiti waliowafuatilia Comoé nchini Kodivaa wameeleza kuwa majeruhi hutoa harufu ya kuomba msaada, anajikunja miguu ili abebeke, na kiotani wenzake humlamba kidonda. Wasiotibiwa walikufa karibu 80 kwa mia ndani ya siku moja. Waliotibiwa, kama 10 kwa mia. Baadaye, mwaka 2023, ikaonyeshwa pia kwamba kidonda kikioza hupakwa ute wenye kuua vijidudu unaotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya kifua.

Mawili zaidi. Majeruhi akiwa karibu na wenzake huchechemea kuliko akiwa peke yake. Akiwa peke yake anakimbia. Na aliyepoteza miguu mitano haokolewi. Si kwamba wanamwacha kwa ukatili: anatapatapa, hajikunji, hawapati pa kumshika.

12. Ndiyo asili ya jina la sungusungu wa ulinzi wa kijiji?

Ndiyo. Vikundi vile vilianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Ukishawaona wadudu wenyewe wakitoka kwa pamoja baada ya mmoja kwenda kuita, jina linajieleza.

## Majimoto

13. Mti wangu umejaa majimoto. Niwaue?

Usiwaue. Hili ndilo swali ninalogombana nalo zaidi, kwa sababu mwenye mti hupanda kuchuma, anaumwa, anamwagiwa tindikali kwenye jeraha (jina la majimoto halikuja bure), anashuka akiwa na hasira na kutafuta dawa.

Juu ya mnazi yupo mdudu anayefyonza vidaka. Vidaka vilivyofyonzwa vinaanguka, na vinavyobaki vinatoa nazi zenye makovu. Mdudu huyo alichunguzwa sana Zanzibar miaka ya 1950, na ikaonekana kuwa mnazi wenye majimoto wengi hausumbuliwi naye, kwani majimoto hawamwachi mgeni akatulia kwenye mti wao. Kwenye mikorosho wanafukuza mbu wa mikorosho kwa namna hiyohiyo. Upande wao mbaya ni kwamba wanafuga wadudu gamba kwa ajili ya utamu wanaoutoa, kama wachungaji na maziwa. Kwa hesabu yangu faida inazidi. Chuma asubuhi na mapema kukiwa na baridi, na ujipake majivu mikononi.

14. Majani wanayashonaje bila sindano?

Sindano ni watoto wao. Kaa chini ya mwembe uangalie kiota kipya. Kwanza wanajipanga ukingoni mwa jani, wamelishika kwa taya, miguu ya nyuma imeshika jani la pili. Nafasi ikiwa pana, wanashikana viuno, mmoja amemkamata mwenzake, minyororo mitatu minne sambamba, na wote wanavuta kurudi nyuma taratibu. Majani yakikutana, wengine wanatoka ndani kila mmoja amebeba buu mdomoni. Anamgusisha buu jani la huku, buu anatoa uzi wa hariri, anampeleka jani la kule, anarudi. Ni kama mtande na mshindio. Buu aliyetumika hivyo ametoa hariri ambayo angeitumia kujifunikia mwenyewe.

15. Zamani walikuwepo, sasa wametoweka. Kwa nini?

Mara nyingi utakuta chini ya mti kuna chungu wadogo wa kahawia, na baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita mwili. Hao wanafukuza majimoto kabisa, na wanapenda shamba lililopaliwa likawa jeupe. Kwa hiyo acha nyasi fupi chini ya michungwa na minazi, palilia kisahani tu kuzunguka shina. Funga kamba kati ya mti wenye majimoto na usio nao wapate njia ya juu kwa juu. Najua jirani atasema shamba lako chafu.

Hao wenye vichwa vikubwa watarudi swali la 19.

## Mchwa na kumbikumbi

16. Kwa nini kumbikumbi hutoka baada ya mvua tu, na wote siku moja?

Udongo ukilowa unachimbika, na hewa yenye unyevu haiwakaushi. Kutoka siku moja kunasaidia mawili: vichuguu tofauti vinachanganya vijana wao, na walaji, kuanzia kuku hadi mwewe hadi sisi, wanashiba kabla hawajawamaliza. Wakishatua wanakata mabawa. Jike anainua tumbo na kutoa harufu, dume anamfuata mgongoni nyuma kabisa, wanatafuta pa kuchimba. Wakifanikiwa, hao ndio mfalme na malkia wa kichuguu kijacho.

Magharibi ya Kenya wanawatoa kwa kupiga vijiti juu ya kichuguu kwa mdundo wa mvua. Nami nimeona njia hiyo ikifanya kazi, ingawa mpigaji aliniambia siri ni kumwaga maji kwanza.

17. Ndani ya kichuguu kuna nini?

Shamba. Mchwa wajenzi wa vichuguu vikubwa hawawezi kumeng'enya miti yote peke yao. Wanatafuna majani na kuni, kinyesi chake wanakipanga kama sega la nyuki, na juu yake wanaotesha kuvu. Kuvu linalainisha, wao wanakula. Uyoga mkubwa unaochipuka kichuguuni wakati wa mvua ndio kuvu hilohilo limetoka nje kuzaa, na ndiyo maana haupandwi bandani kama uyoga mwingine: hauna maisha bila mchwa.

Makazi yenyewe yako chini. Rundo tunaloliona juu kazi yake kubwa ni kupumua, hewa chafu itoke na safi iingie kadiri joto la mchana na baridi ya usiku vinavyopishana. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa 1996, lilibuniwa kwa kuiga mawazo hayo.

18. Nikimtoa malkia, kichuguu kitakufa?

Mara nyingi ndiyo, lakini kumfikia ni kazi, kwani chumba chake kina kuta ngumu katikati ya makazi. Na baadhi ya aina wana uwezo wa kupata malkia mwingine. Ukichimba ukakuta mfuko mweupe wa kidole kizima unaotutumka, huyo ndiye. Mdogo aliye ubavuni mwake ni mfalme, mtoe pia.

## Maswali ya pembeni

19. Eti tembo anaogopa chungu?

Anawaepuka, na sababu ni mkonga: ndani ni laini, na chungu mia wakiingia humo hata tani tano hazimsaidii. Laikipia, Kenya, kuna migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vinavyopiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vinundu wanaishi chungu wanaolishwa utamu na mti, nao wanaulinda. Tembo anaupita.

Kisha wakaja wale wenye vichwa vikubwa wa swali la 15. Wakawaua walinzi, na wao wenyewe hawalindi mti. Tembo wakaanza kuvunja migunga, nyika ikawa wazi. Simba huvizia punda milia kwa kujificha nyuma ya miti. Miti ikipungua, punda milia anamwona mapema. Utafiti wa Ol Pejeta, hifadhi iliyoko hukohuko Laikipia, uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa punda milia walikuwa 67 kwa mia ya mawindo ya simba mwaka 2003, wakashuka hadi 42 mwaka 2020, na nyati, ambao awali hawakuwemo kabisa, wakafika 42. Simba hawakupungua, wamebadilisha mboga tu. Yote hayo kwa mdudu ambaye ukimpuliza anaanguka.

20. Niliona video ya chungu wanazunguka duara hadi wanakufa. Ni kweli?

Ni kweli, na ni matokeo ya swali la 4. Wakati mwingine chungu vipofu wa jamii ya siafu hupoteza njia kuu, wa mbele akakutana na harufu ya wa nyuma, akaifuata. Mtafiti Mmarekani William Beebe aliona duara hilo Guyana mwaka 1921: mzunguko wa mita kama 365, kila chungu akihitaji saa mbili na nusu kuumaliza. Walizunguka siku mbili, wengi wakafa.

21. Kwa nini watu wanakamatwa na malkia wa chungu uwanja wa ndege?

Ulaya na Asia kuna wanaofuga chungu kwenye masanduku ya kioo. Mwaka 2025 Kenya ilikamata watu wanne, vijana wawili wa Ubelgiji wakiwa na malkia kama 5,000 ndani ya vichupa vyenye pamba, na kila mmoja wa wanne akatozwa faini ya shilingi milioni moja ya Kenya au kifungo cha miezi 12. Walitaka malkia peke yake, kwa sababu akishajamiiana mara ile moja huhifadhi mbegu na kutaga kwa miaka. Chungu hao ni wavunaji wa mbegu za nyasi, na nyasi hizo zinawategemea kuzisambaza.

22. Haya, dawa je?

Sisimizi wa jikoni: maji na sabuni juu ya njia yao, na kopo la sukari ndani ya sahani ya maji. Siafu: tundu la kutokea kwenye banda la kuku. Sungusungu: hakuna, wanakulia mchwa wako bure. Majimoto: majivu mikononi mwako. Mchwa wanaokula nyumba ndio pekee ambao ningekushauri ununue kitu, tena kabla ya kujenga, kwenye udongo wa msingi, na mtu anayejua vipimo. Ikiwa nyumba imeshasimama, anza kwa kuondoa kuni ulizoegemeza ukutani.